Kinamasi Kiachwe, Mboji Ifanyizwe Nyumbani

Ndugu mkulima wa Mabira,

Utakapo kuotesha miche ya kahawa au ya mboga, jambo la kwanza ni udongo wa kitalu. Wako watu wasemao kuwa udongo mweusi wa kinamasi ndio bora, maana ni mwepesi, tena hauna mwenyewe. Kwa maoni yangu shauri hilo si jema, na sababu zake ni hizi.

Kwanza, weusi si rutuba. Udongo ule ni mabaki ya mafunjo na majani yaliyozama majini pasipo kuoza sawasawa. Mara nyingi una tindikali, na chakula cha mimea ndani yake ni haba. Nao ukikauka sana hukataa kunywa maji. Mimi mwenyewe nilijaza kitalu kwa udongo huo zamani, na kiangazi kilipofika maji yalipita juu tu, miche ikafa.

Pili, udongo huo huongezeka polepole mno, yapata milimeta 1 kwa mwaka. Shimo la kimo cha goti ulichimbalo kwa siku moja ni kazi ya miaka mia kadhaa.

Tatu, kinamasi ni ghala la maji. Hupokea mvua na kuitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Kikiharibika, wa kwanza kuona kiu ni ng'ombe wako. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au ziwezazo kudhuru mazingira, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Basi tufanyeje? Wazee wetu walikwisha kutuonyesha. Kibanja kilizaa ndizi vizazi vingi kwa kuwa samadi na majani makavu vilirudishwa shinani. Fanya vivyo hivyo kwa kitalu. Mahali penye kivuli panga matabaka ya migomba iliyokatwakatwa, makapi ya maharagwe, samadi, na majivu kidogo. Nyunyiza maji, funika kwa majani, na kupindua kila baada ya majuma matatu. Baada ya miezi mitatu hivi mboji itakuwa tayari. Lakini migomba yenye ugonjwa wa mnyauko usiitie kamwe.

Kwa kitalu changanya madebe 3 ya udongo wa juu, debe 1 la mboji na debe 1 la mchanga. Mwaka 2014 mboji iliyotiwa vumbi la mkaa ilijaribiwa huko Karagwe. Tindikali ya udongo ilipungua, na mahindi yakazaa kuliko mahali pasipotiwa kitu.

Utasema kubeba samadi ni kazi. Ni kweli, ni kazi. Lakini samadi utaipata tena mwaka ujao. Kinamasi kilichokwisha hutakipata, wala mwanao hatakipata.