Gari Likigonga, Tusiongeze Sauti ya Redio



Mwaka jana kamati ya tawi letu ilikaa kujadili gari. Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya 1993. Lilinunuliwa kwa michango ya wanachama likiwa limekwisha kutumika, na ndilo linalotutoa Fort Portal na kutufikisha kwenye mashamba ya chai. Wajumbe wengi walitaka liuzwe. Dalali alikuwa amekwisha kuliona, akataja bei ya chuma chakavu. Mimi nilisimama kupinga, lakini sikuweza kupinga kabla ya kukiri kosa langu. Leo nalikiri mbele yenu pia, kwa sababu kosa la namna hii limo katika viwanda na mashamba yetu mengi.

Kosa lilikuwa hivi. Baada ya mvua kubwa njia zetu za murram zilijaa mashimo, na gari likaanza kugonga mbele upande wa kushoto. Lilisema ko-ko-ko kila tulipopita shimo dogo. Baadaye injini nayo ikaanza kutikisa usukani gari likiwa limesimama, na kila nilipoachia klachi nilisikia pigo zito chini ya miguu. Dereva nilikuwa mimi. Nikafanya nini? Niliongeza sauti ya redio. Nilikwenda hivyo miezi minane.

Mwisho nililipeleka gereji moja mjini. Fundi wa pale hakuliendesha wala hakuliinua kwa jeki. Alilisukuma kidogo, akasema shokomzoba zimekwisha, akabadilisha mbili za mbele. Kwa upande wa injini akakata kipande cha tairi kuukuu, akakikaza kwa bolti mahali pa mauntingi iliyokatika. Tukalipa kwa fedha za wanachama. Wiki ya pili kelele zote zilirudi, na mtikisiko ukawa mbaya kuliko mwanzo.

Siku moja tulikuwa tunakwenda mkutanoni, mimi na wanachama wawili. Tulipokata kona kuingia lango la kiwanda cha chai, boljointi ya chini upande wa kushoto ilichomoka. Gurudumu likalala na gari likaketi juu ya tumbo lake. Tulipona kwa sababu tulikuwa tunakwenda polepole nyuma ya trekta. Dakika kumi kabla yake tulikuwa kwenye mteremko mkali. Mama mmoja, mchuma chai, aliyekuwa kiti cha nyuma, aliniuliza, "Ndugu Katibu, gari hili halikukwambia?" Sikuwa na jibu.

Ndipo kamati ilipotaka kuuza. Hoja yangu ilikuwa rahisi: gari halikutushinda, sisi ndio hatukulisikiliza. Tena tukiliuza, tutanunua lipi? Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe, na magari mapya zaidi yana bei isiyolingana na mfuko wa tawi. Mwenye gari kuukuu linalotengenezeka hana budi kujifunza kulitunza. Kamati ilinipa nafasi moja ya mwisho.

Tulimwita fundi mmoja mzee wa Kasese, aliyejifunza kazi Kilembe zamani za migodi ya shaba. Hakushika spana. Kwanza aliniuliza, "Linagonga lini?" Nikamwambia, "Mbele kushoto, Mzee." Akasema, "Sikukuuliza wapi. Nimekuuliza lini." Hapo nilianza kuelewa.

Likigonga kwenye mashimo madogo, gari likienda polepole, mara nyingi ni linki ya stabilaiza au raba zake. Likitoa pigo zito kwenye shimo kubwa au wakati wa kufunga breki, tazama bushi za mkono wa chini unaoshika gurudumu. Likilia kwa kukwaruza unapozungusha usukani, angalia boljointi au beringi ya juu ya shokomzoba. Likigonga unapoachia klachi au unapokanyaga mafuta, rudi kwenye mauntingi za injini. Wakati wa kelele ndio unaomwonyesha fundi mlango wa kuingilia.

Kisha alipima. Alikandamiza kila pembe ya gari kwa mikono na kuiachia. Gari likiinuka na kutulia, shokomzoba bado ina nguvu. Likiendelea kuruka-ruka, imekwisha. Zetu zilikuwa mpya na hazikuwa na kosa. Akainua upande wa kushoto kwa jeki na kuweka gogo imara la mbao chini ya bodi, kwa maana alisema jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Akaingiza mti chini ya tairi na kuuinua. Boljointi mpya tuliyokuwa tumeweka baada ya ajali haikucheza. Ile ya upande wa kulia ilicheza wazi, nayo ilikuwa njiani kutufanyia yale yale. Bushi za mikono yote miwili zilikuwa zimepasuka.

Ikafika zamu ya injini. Katika gari hili injini imekaa kukingama, nayo hushikwa na mauntingi 4. Mauntingi ni raba iliyogandishwa na chuma: injini huruhusiwa kutetemeka kidogo bila kulitetemesha gari zima. Joto huikausha raba ikapasuka, na oili inayovuja juu yake huilainisha ikaoza. Mzee alifungua boneti, akaniambia nivute hendibreki, nikanyage breki kwa nguvu, nitie gia ya kwanza na kuachia klachi taratibu mpaka injini ianze kuvuta. Yeye alisimama pembeni, si mbele ya gari. Injini ikajiinua kama ng'ombe anayetaka kuamka. Ya mbele ndiyo iliyowekewa kipande cha tairi. Ya nyuma ilikuwa imekatika kabisa. Moja ikikatika, zilizobaki hubeba mzigo wake, na ndivyo ya pili ilivyokufa.

Kuhusu kipande cha tairi alisema maneno ninayopenda kila fundi kijana ayasikie. Raba ya tairi ilitengenezwa kukanyaga barabara, haikutengenezwa kubeba injini. Ukiikaza kwa bolti ngumu, mtetemeko wote huingia kwenye bodi, na baada ya muda vyuma vinavyoshika injini hupata nyufa. Akaweka mbao pana chini ya karteri ya oili ili jeki isiibonyeze, akaibeba injini kidogo tu, na kubadilisha mauntingi zote mbili. Bolti alizishika kwanza bila kukaza, akaiacha injini ikae mahali pake, ndipo akakaza.

Na bushi je? Hapa nilijifunza jambo ambalo gereji nyingi hulipuuza. Bolti za bushi hazikazwi moja kwa moja magurudumu yakiwa yananing'inia hewani. Ukizikaza hivyo, gari likishuka chini raba inajisokota na kukaa imesokotwa siku zote, na baada ya muda mfupi itachanika. Gari lishushwe kwanza likae kwa uzito wake, ndipo bolti zikazwe mara ya mwisho. Kazi yote ilichukua siku mbili. Gharama yake, ukijumlisha spea na ujira wa Mzee, ilikuwa ndogo kuliko tulivyolipa gereji ya kwanza. Leo gari linakwenda kimya, nasi tunafika mkutanoni.

Ndugu wafanyakazi, kwa nini nayaandika haya katika gazeti la chama? Kwa sababu miezi michache baadaye dereva wa lori linalobeba wachuma chai katika shamba moja alinijia jioni. Alisema springi ya nyuma inalia, naye amekwisha kumwambia msimamizi mara tatu. Jibu alilopata ni, "Wewe endesha, kelele haziui." Nilikumbuka redio yangu. Huyo msimamizi alifanya kwa lori nililofanya mimi kwa Corolla, ila yeye alikuwa na watu wengi juu ya lori, mama zetu na vijana wetu. Tuliingia ofisini pamoja na dereva, tukataka lori likaguliwe siku ile ile. Lilipoinuliwa, bamba moja la springi lilikuwa limevunjika vipande viwili.

Dereva yule hakuwa msumbufu. Alikuwa anasoma taarifa ambayo chuma kilikuwa kinaitoa. Haki yake inajulikana duniani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi anayejiondoa katika kazi, akiwa na sababu ya haki ya kuamini kuwa kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asipate madhara yasiyostahili. Juni 2022 Shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi za kazini, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Basi dereva anayekataa kuondoa lori bovu asiitwe mkaidi.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, kila gari la kubeba wafanyakazi liwe na daftari. Dereva aandike kelele na wakati inapotokea, na msimamizi atie sahihi kwamba amesoma. Neno la mdomo hukanushwa, lakini sahihi haikanushiki. Pili, mwakilishi wa wafanyakazi alione daftari hilo kila wiki. Tatu, matawi yenye magari yetu wenyewe tuanze sisi. Hatuwezi kumdai mwajiri daftari ikiwa letu halipo. Tawi letu limeanza, na jina la kwanza la dereva mle ndani ni langu.

Wengine watasema haya ni mambo ya mafundi, chama kishughulikie mishahara. Nawajibu kwamba mshahara hupokelewa na aliye hai. Tena mlalamikaji kiwandani hutendewa kama ile boljointi yetu: huambiwa ni kelele tu, mpaka siku anapochomoka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo wanaolipa ni sisi.

Kesho asubuhi ukipanda lori la shamba, sikiliza. Ukisikia chuma kinagonga, mwulize dereva kama ameandika. Kama hakuandika kwa kuogopa, mwandike wewe na uje nalo tawini.