Mtungi wa hewa wa melini unatuhusu vipi sisi wa Urambo?

Urambo hatuna ziwa, lakini wapo wanaopanda treni hadi Kigoma na huko wakaingia melini. Ndani ya meli kuna hatari isiyoonekana: sehemu iliyofungwa muda mrefu inaweza kuishiwa oksijeni. Kutu huila, mbao na nafaka nazo hivyo hivyo. Anayeingia huanguka ghafla. Mwenzake hukimbilia kumwokoa, naye huanguka.

Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unataka vifaa vya aina mbili. Cha kwanza ni mtungi wa mzimamoto, wenye hewa ya kama dakika 30, na king'ora kinacholia kabla hewa haijaisha. Cha pili ni cha kukimbilia tu, chenye hewa ya angalau dakika 10. Hicho si cha kuzima moto wala kuokolea mtu. Tangu 2015, mabaharia wenye kazi hiyo hufanya mazoezi ya uokoaji kila miezi 2.

Sasa tazama kisima chako. Kirefu, chembamba, pengine mashine ya petroli inavuta maji humo ndani. Hatari ni ile ile, ila hapa hakuna mtungi wala mkaguzi.

Kwa hiyo mashine ikae juu, na anayeshuka afungwe kamba inayoshikwa na watu. Akizirai, mvuteni. Hana kamba? Usimfuate. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji.