Ukisema Kata, Ukate

Kuna wema ninaouchukia katika mazoezi ya upanga wa Kijapani: wema wa mwenzako anayekulenga pembeni. Anainua upanga wa mbao juu ya kichwa, anakuja hatua tatu, kisha anakata hewa, shubiri moja kando ya sikio lako. Anadhani amekuhurumia. Mimi naona amekuibia somo.

Mazoezi haya ya watu wawili huitwa kata. Mswahili akilisikia neno hilo anasikia amri, na laiti wengi wangeitii. Kendo inazo kata 10 zilizowekwa mwaka 1912, 7 kati yake za upanga mrefu kwa upanga mrefu. Mkubwa, uchidachi, ndiye anayeshambulia na ndiye anayeshindwa. Mwanafunzi, shidachi, hushinda kila mara. Kwa kuwa mwisho unajulikana, shambulio linageuzwa maigizo.

Chukua kata ya kwanza. Pigo linashuka utosini kana kwamba litapasua hadi mikono iliyoshika mpini. Shidachi anarudi nyuma, mguu wa kushoto ukitangulia, nyayo zikiteleza sakafuni, upanga upite patupu. Papo hapo anarudi mbele na kukata kichwa. Hatua hiyo ya nyuma ina kipimo. Ikizidi, hutafika tena mbele. Ikiwahi, adui wa kweli angekufuata huko huko. Sasa niambie: kama pigo haliji kichwani, mguu wangu utajifunzia wapi kipimo hicho? Utajifunza kuhesabu tu, moja, mbili, tatu, kama gwaride. Na akili nayo italala, maana imekwisha kujua kwamba hakuna hatari.

Miyamoto Musashi, katika Kitabu cha Pete Tano cha miaka ya 1640, aliikataa miguu inayorukaruka. Alitaka mtu akanyage kama anavyotembea. (Kisigino alitaka kikanyage kwa nguvu, na kendo ya leo hukiinua cha kushoto, ugomvi huo tuuache.) Miguu ya kurukaruka naiona kila wiki, na mwenye nayo karibu kila mara ni yule aliyeondoka kabla pigo halijaanza.

Wataniambia upanga wa mbao hupasua fuvu. Ndiyo, hupasua. Basi punguza mwendo, usibadili njia. Kwa anayeanza, njoo polepole kama kinyonga, lakini njoo kwenye paji la uso, na kama hajaondoka, simamisha upanga hapo hapo, auone.