Mcheza kwao hutuzwa, ila Eastlands achezee wapi?

Kila mwalimu wa Kiswahili hufundisha kwamba fasihi simulizi haikamiliki pasipo utendaji. Sharti pawe na fanani, hadhira na mahali pa kukutania. Mwanafunzi huyakariri hayo kwa ajili ya mtihani, kisha hurejea kwao Kayole, Dandora au Umoja bila kuambiwa kwamba fasihi ya namna hiyo imekuwa ikitungwa mtaani mwake kwa zaidi ya miaka ishirini.

Tuchukue mfano wa Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora waliovuma mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa wimbo "Tafsiri Hii". Redio za kibinafsi zilikuwa changa. Capital FM, iliyoanza mwaka wa 1996, ilitangaza kwa Kiingereza. Waliojaribu kufoka aghalabu waliwaiga Wamarekani, lafudhi na yote. Kalamashaka walishika Kiswahili cha mtaani, wakasimulia shida za mtaani. Hawa ni wa kizazi cha mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima la kutahiniwa. Yamkini mfumo huo uliolaumiwa kwa mengi ulizaa tunda ambalo waliouasisi hawakulitarajia.

Anwani ya wimbo huo pekee ni somo la sarufi. "Tafsiri" ikiwa nomino, tunaonyeshwa tafsiri iliyo mbele yetu. Ikiwa kitenzi cha kuamuru, ni sisi tunaotakiwa kuifanya kazi hiyo, na "hii" haielezwi ni kitu gani. Karatasi haiwezi kuamua. Jukwaani, kiimbo na ishara ya mkono huweza kuamua mara moja.

Ndivyo ilivyo kwa vina pia. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa vokali, hivyo kupata kina cha silabi moja si kazi. Mfokaji stadi, kama mtunzi wa tenzi, hupimwa kwa kufuatana kwa vina pasipo kupotosha maana, na hadhira inayoumalizia mshororo pamoja naye ndiyo mhakiki wake wa kwanza.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni Sheng, nayo Sheng inaua Kiswahili. Hebu tulitazame neno "nitakushow". Mzizi ni wa Kiingereza, lakini nafsi, njeo na kitendwa vyote ni vya Kiswahili, tena kwa mpangilio wake ule ule. Mwalimu anayeadhibu neno hilo bila kulichanganua amepoteza kipindi kizuri. Wengine watataja matusi. Ni kweli kwamba baadhi ya nyimbo za gengetone, mtindo ulioshamiri baada ya Ethic wa Umoja kutoa "Lamba Lolo" mwaka wa 2018, hazifai darasani. Dawa yake ni uhakiki, si kuufungia mlango muziki wote.

Mlango wenyewe ndio jambo zito. Katika miaka ya 1990 kijana wa Eastlands aliyetaka kusikika alipanda matatu kwenda katikati ya jiji, kwenye vilabu kama Florida 2000. Hata leo, mwisho wa wiki ukifika, tamasha nyingi za kulipia hufanyika mbali na mitaa iliyozaa muziki huo. Mwenye nauli na kiingilio husikia. Mwanafunzi wa Dandora hubaki na simu.

Eastlands haikukosa kumbi tangu jadi. Ukumbi wa Kaloleni, katika mtaa uliojengwa miaka ya 1940, ulikuwa jukwaa la siasa la Waafrika wa Nairobi kabla ya uhuru. Katiba ya mwaka wa 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Hivyo basi, Kaunti ya Nairobi haina budi kuzikarabati kumbi za mitaa na kuzifungua Jumamosi mchana kwa wasanii wa mitaa hiyo, kwa kiingilio ambacho mwanafunzi anakimudu na bila pombe. Walimu nao wawapeleke wanafunzi wakiwa na daftari: nani fanani, hadhira inashiriki vipi, ubeti umebadilika wapi kutokana na kelele za ukumbi?

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Methali hiyo haina maana iwapo anayecheza hana kwao pa kuchezea.