Helikopta ya KDF: Kwa Nini Kidude Hiki Kidogo na Si Apache?

Mtu aliyezoea kukaa Salama, pale Barabara ya Mombasa, hujua mlio wa helikopta ya jeshi kabla haijatokea juu ya vilima. Ikitokea ile ndogo, yenye kichwa kama yai na mkia mwembamba, lazima mmoja wa vijana aulize: hii nayo ni ya vita kweli? Mbona haifanani na Apache za kwenye filamu?

Ni ya vita, tena ukoo wake ni wa zamani. Babu yake, OH-6 ya kampuni ya Hughes, aliruka mara ya kwanza 1963, kisha Wamarekani wakamtumia Vietnam kupeleleza misitu. Kenya ilipokea jamaa yake, MD 500 Defender, kuanzia 1980. Nyingine zilibeba makombora ya TOW, yale yanayoongozwa kwa waya hadi yagonge kifaru. Hofu ya siku hizo ilieleweka: Idi Amin alikuwa amedai sehemu za Kenya mwaka 1976, na mwaka uliofuata Somalia ikavamia Ogaden, Ethiopia, kwa vifaru.

Vifaru hivyo havikufika kwetu. Adui aliyekuja ni Al-Shabaab, na yeye hutumia pikapu, bodaboda na bomu lililofukiwa barabarani. KDF ilipoingia Somalia Oktoba 2011, helikopta zilizonunuliwa kwa ajili ya vifaru zikawa zinasaka watu vichakani.

Ndipo ikaja MD 530F. Mei 2017 Marekani iliidhinisha Kenya kuuziwa helikopta 12, pamoja na silaha, vipuri na mafunzo, kwa kiwango cha juu cha dola milioni 253. Kwa thamani ya wakati huo hizo ni kama Sh26 bilioni. Januari 2020 sita zilipokelewa Embakasi, nyumbani kwa kikosi cha 50 Air Cavalry cha jeshi la nchi kavu.

Silaha zake ni rashasha za milimita 12.7 na roketi za milimita 70. Injini ni moja tu, marubani wawili. Apache ina injini mbili, mzinga wa milimita 30 chini ya pua na nafasi ya makombora 16 ya Hellfire. Hapo ni kama kulinganisha probox na trela. Lakini hebu uliza nani analipia mafuta ya trela, nani anaitengeneza, na mzigo wenyewe uko wapi. Kumfukuza mtu wa pikapu kwa Apache ni hasara tupu.

Kuna na suala la hewa, ambalo watu hulisahau. Hewa ya joto au ya mahali pa juu ni nyepesi, kwa hiyo mapanga ya helikopta hukosa cha kushika. Ile herufi F inamaanisha injini yenye nguvu zaidi na mapanga marefu kidogo, kwa ajili ya nchi za joto na milima. Uganda inajua milima yetu haina mzaha. Agosti 2012 helikopta zake tatu za Mi-24, mashine nzito za Kirusi zilizokuwa zikielekea Somalia, zilianguka Mlima Kenya na wanajeshi saba wakafariki. Ile ya nne, Mi-17 ya uchukuzi, ilitua salama Garissa.

Kwa hivyo naona uamuzi ule wa 2017 ulikuwa na akili. Ila udogo una bei yake. Deraya ni nyepesi, na pikapu yenye bunduki nzito inaweza kuitoboa. Injini moja ikizima juu ya vichaka vya Boni, rubani hana ya akiba.

Halafu dunia imesonga. Ukraine imeonyesha jinsi helikopta ya mashambulizi inavyowindwa kwa makombora ya begani. Desemba 2022 Japani ilitangaza itastaafisha za kwake na kutumia droni. Februari 2024 jeshi la Marekani lilifuta mradi wake wa helikopta mpya ya upelelezi na mashambulizi, baada ya kutumia mabilioni ya dola. Wakati wenye pesa wanarudi nyuma, sisi tukiongeza nyingine tunapaswa kuambiwa ni za kazi gani.

Na tuambiwe pia kuhusu matunzo. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alikufa pamoja na wenzake tisa Aprili 18, 2024, Huey waliyopanda ilipoanguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Ile haikuwa MD 530F, lakini bajeti inayolisha karakana ni ya jeshi lile lile. Kila Juni tunasomewa jumla ya fedha za ulinzi. Ni ngapi kati yake zinaenda kwenye vipuri, na kila rubani anapata saa ngapi hewani kwa mwaka?