Kila Fundi Abebe Sheli Yake

Wilaya ya Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru, ni miongoni mwa sehemu za Zambia zinazoteswa zaidi na malaria. Takwimu za wagonjwa nchini humo hukusanywa kwa DHIS2, mfumo unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa pia na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda. Wenye mfumo huo huutoa pia kama imeji ya kontena: kifurushi chenye programu na vyote inavyovihitaji, unakishusha na kukiwasha. Seva ya aina hii ikikwama, hesabu ya watoto waliougua haimfikii anayegawa dawa. Kwa hiyo swali la sheli gani ikae ndani ya kontena si la mafundi peke yao.

Sheli ni programu inayopokea amri unazoandika. Fundi aliyekulia kwenye Bash au zsh vidole vyake vimeshazoea njia zake. Akiingia kwenye kontena lililojengwa juu ya Alpine, Linux ndogo ya megabaiti 5 hivi tu, anakuta sheli nyingine, ash ya BusyBox, na nusu ya mazoea yake hayafanyi kazi. Akiingia kwenye zile imeji za Google ziitwazo distroless, hakuti sheli kabisa. Wengi wanaotumia Alpine huongeza mstari mmoja kwenye Dockerfile, faili la maelekezo ya kujengea imeji, Bash ikaingia, imeji ikajengwa upya, kazi ikaendelea.

Sisi tunasema mstari huo usiongezwe.

Megabaiti si hoja yetu kubwa; Bash ni ndogo. Tatizo ni kwamba kilichowekwa ndani ya imeji hukaa humo usiku na mchana, na kinamtumikia yeyote atakayeingia, awe fundi au mwizi. Septemba 2014 iligundulika kasoro ya Shellshock, iliyokuwa imelala ndani ya Bash tangu 1989. Seva za wavuti zilizopitisha maandishi ya wageni hadi kwenye Bash zilijikuta zikitekeleza amri za wageni hao. Mashine za Debian na Ubuntu, ambazo sh yao ilikuwa dash, zilikuwa na hatari ndogo zaidi, na pasipokuwa na Bash hapakuwa na cha kuziba. Kuondoa sheli hakuzibi tundu la programu yenyewe, lakini kunamnyima aliyepenya chombo cha kufanyia kazi.

Hatumwambii fundi ateseke. Saa nane ya usiku, mfumo umelala, mtu anastahili kushika chombo anachokijua. Aje nacho. Kwenye Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena mengi, amri ya kubectl debug humwezesha kuambatisha kontena la muda lenye vifaa vyake, na uwezo huo umekuwa thabiti tangu toleo la 1.25 la mwaka 2022. Kwenye mashine moja yenye Docker, anawasha kontena la pili lenye sheli aipendayo kwa --pid=container: na --network=container:, kila moja ikifuatwa na jina la kontena linalougua. Anaona michakato yake na mtandao wake, na akiwa na ruhusa ya kutosha anafikia mafaili yake kupitia /proc/1/root. Akiweka --rm, kontena lake linafutika anapotoka, na imeji ya seva inabaki ilivyokuwa.

Kwa anayefanya kazi Kashikishi, humo humo Nchelenge, kwa bando la simu, njia hii ina faida ya ziada. Imeji ya vifaa inaandaliwa mara moja, penye mtandao mzuri, inahifadhiwa kwa docker save na kutiwa kwenye flashi. Hata akivuka kwa boti kwenda kisiwa cha Chisenga, docker load inamaliza kazi bila kugusa bando. Aangalie tu kwamba imeandaliwa kwa aina ya prosesa ya mashine anayoiendea, amd64 au arm64. Kosa hilo ukiligundulia kisiwani, umeshachelewa.

Skripti za kuwashia kontena nazo ziandikwe kwa sh ya kawaida. Skripti inayoanza na #!/bin/bash ndani ya Alpine hukataa kwa ujumbe kwamba faili halipo, ilhali faili lipo machoni pako. Kinachokosekana ni Bash. Mwanafunzi anaweza kupoteza asubuhi nzima hapo. ShellCheck, ukiiendesha kwa -s sh, huonyesha mapema mistari inayotegemea Bash.

Tunaziomba ofisi zinazotuma mafundi wilayani zimkabidhi kila mmoja flashi hiyo kabla hajapanda gari, na zimtake aijaribu mbele yao, intaneti ikiwa imezimwa, kwenye kontena lisilo na sheli.