Janti nyepesi kwa gari lililoteremshwa: uzito upunguzwe kwenye janti, si kwenye mpira

GOMA – Usiku wa siku ya posho, Altezza moja nyeupe ilikuwa inatoka Mugunga kuelekea katikati ya mji. Ndani yake mlikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa, mama mkwe wake, na mfuko wa nguo za mtoto. Familia hiyo ilikimbia vita upande wa Masisi na sasa inakaa katika chumba kimoja kwa jamaa. Kijana mwenye gari ni jirani yao, na hakuwaomba franga hata moja. Kabla ya kufika Ndosho, gurudumu la mbele kushoto liligonga jiwe lililochomoza barabarani. Waliokuwa karibu wanasema sauti ilikuwa kama ya sufuria inayoanguka juu ya simenti. Ukingo wa janti ukapasuka na tairi ikaisha upepo palepale.

Mama yule alimalizia safari juu ya pikipiki, mama mkwe akiwa amemshika kwa nyuma. Mtoto alizaliwa salama kabla ya alfajiri. Janti yenyewe ilikuwa na miezi miwili tu tangu inunuliwe Birere, mpya, inayong'aa, inchi 18.

Tangu siku hiyo mtaa umegawanyika. Wazee wanasema gari la kulala chini ni la watu wenye lami, na kijana arudishe janti za chuma kama taxi nyingine. Vijana wanasema ilikuwa bahati mbaya, jiwe ni jiwe. Wote wana sehemu ya ukweli, lakini hakuna upande uliotaja kosa lenyewe. Kijana hakukosea kwa kutafuta janti nyepesi. Alikosea mahali pa kupunguza: alipunguza mpira na kuongeza chuma, akidhani amefanya kinyume.

Kwanza ieleweke magari haya yanatoka wapi. Altezza, Mark X na ndugu zao ni sedani za mbio zilizotengenezwa na Toyota kwa ajili ya barabara za Japani. Zinauzwa kule zikiwa zimetumika, zinapanda meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha zinavuka mipaka mpaka huku. Nyingi zinafika tayari zimeteremshwa na mwenye nazo wa kwanza, na springi fupi na janti za duka. Anayeinunua Goma anakuta kazi imekwisha kufanywa kwa ajili ya lami laini, naye anaitembeza juu ya makoro, yale mawe ya volkeno ambayo Nyiragongo iliyamwaga mjini mwaka 2002. Mitaa mingi bado iko juu ya mawe hayo, na kila mvua inayafunua upya.

Sasa, uzito. Mwili wa gari umekaa juu ya springi, lakini gurudumu haliko juu ya springi. Lenyewe ndilo linalopigwa na jiwe, likarushwa juu, na springi ikalisukuma kurudi chini. Gurudumu zito likirushwa huchelewa kurudi, na kwa muda huo halishiki barabara. Gurudumu jepesi linafuata mawe kama mguu wa mbuzi. Tena, injini inapaswa kulisukuma gurudumu mbele na kulizungusha kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kilo iliyo kwenye ukingo wa gurudumu inaidai injini karibu mara mbili ya kilo iliyo ndani ya buti wakati wa kuongeza mwendo, na breki hulipa deni hilohilo wakati wa kusimama. Kwa gari lililoteremshwa jambo hili lina maana zaidi, kwani springi zake zina nafasi ndogo ya kucheza. Kwa hiyo kijana anayetafuta janti nyepesi hafanyi mambo ya kujionyesha tu, ana haki.

Lakini wepesi huo unapatikanaje? Hapo ndipo biashara ya Birere inawachanganya watu. Janti nyingi za aluminiamu zinamiminwa: chuma kilichoyeyushwa kinatiwa ndani ya umbo, kinapoa, basi. Nyingine, chache na za bei, zinafuliwa: kipande kizima cha aluminiamu kinakandamizwa kwa mashine yenye nguvu kubwa mpaka kichukue umbo. Chuma kilichofuliwa kimeshikana zaidi, kwa hiyo fundi anaweza kuacha kidogo na bado kikabeba. Janti ya kufuliwa ikigonga jiwe mara nyingi hupinda. Ile ya kumiminwa ovyo hupasuka. Mfano unaojulikana ni TE37 ya kampuni Rays ya Japani, iliyotoka mwaka 1996: ile ya inchi 15 ilikuwa na kilo 3.7, na namba 37 katika jina lake inatoka hapo. Leo umbo hilo la mikono sita limeigwa dunia nzima. Nyingi zinazoonekana barabarani ni nakala za kumiminwa, nzito kuliko zile zinazoziiga, au, jambo la hatari zaidi, nyepesi kwa sababu aliyezitengeneza aliiba unene.

Janti ya kijana wetu ilikuwa nakala. Na juu yake palikuwa na kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza.

Altezza nyingi zilitoka kiwandani na tairi za 215/45R17, nyingine na 205/55R16. Namba ya katikati ni urefu wa ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana wake. Kwenye 205/55R16, ubavu una milimita 113 hivi kati ya barabara na janti. Kwenye 215/45R17 unabaki na 97. Kijana alivaa 215/40R18, akabaki na 86. Gurudumu zima kwa nje lina kipimo karibu kilekile, hivyo gari halikupanda hata kidogo. Aliuza milimita 27 za mpira na hewa, akanunua chuma mahali pake. Mpira na hewa ndivyo vinavyopokea jiwe kabla ya janti. Tena, janti kubwa ina chuma kingi mbali na katikati, pale ambapo kila gramu inagharimu zaidi. Nakala ya inchi 18 hufika kilo 10 na kupita, wakati janti ya kufuliwa ya inchi 16 iko kati ya kilo 5 na 7.

Kwa hiyo msimamo unaofaa kwa sedani ya namna hii hapa Goma ni kushuka, si kupanda: inchi 16, ya kufuliwa, hata kama imetumika miaka mingi, na tairi ya ubavu mrefu. Haipendezi machoni kama 18. Katika picha za ndoa haitang'aa vilevile, na hilo si jambo dogo kwa kijana ambaye siku ya posho gari lake linakodiwa katika msafara wa maharusi, na fedha hiyo ndiyo inayolisha uani mwake shangazi na watoto wanne waliohama vita. Lakini msafara unalipa pale tu gari linapofika.

Anayenunua iliyotumika aigeuze janti, asome mgongo wake. Alama JWL ni ya kipimo cha Japani cha janti za magari madogo, na VIA inaonyesha kwamba chombo kingine, nje ya kiwanda, kimeipima. Alama hizo nazo zinaigwa, hivyo zisiaminiwe peke yake. Mizani ndiyo haidanganywi kirahisi. Janti inayosemwa ni ya kufuliwa, inchi 16, ikionyesha kilo 9 kwenye mizani, mazungumzo yameisha.

Kisha vipimo. Altezza na Mark X zina buloni 5 kwenye duara la milimita 114.3, janti ya Corolla yenye matundu 4 haihusiki, hata muuzaji akiapa. Herufi ET na namba yake zinasema janti inakaa ndani au nje kiasi gani. Janti ya inchi 17 ya kiwandani ya Altezza iko karibu na ET50. Akipewa ET35, gurudumu linatoka nje milimita 15, na kwa gari lililoteremshwa tairi itakata bodi kila abiria watatu wanapokaa nyuma. Tundu la katikati la Toyota hizi ni milimita 60.1, wakati janti nyingi za duka zina 73. Pengo hilo linazibwa na pete ndogo ya plastiki au aluminiamu. Bila pete, ni vigumu kuiweka janti katikati kabisa, gari linatetemeka kwenye usukani, na mwenye gari anabadilisha vifaa vya mbele bure mwaka mzima.

Na buloni. Hapa watu wanacheza na maisha. Buloni za janti za aluminiamu za Toyota zina sehemu bapa na washa. Janti za duka zinataka buloni zenye ncha ya mviringo inayochongoka. Kuchanganya hizo mbili ni kufunga gurudumu kwa kugusa kidogo tu, na siku moja linaaga gari. Toyota inataka kukaza kwa Nm 103, yaani kama kilo 10 na nusu zinazoning'inia kwenye mkono wa funguo wa mita 1. Kijana wa garaji anayeruka juu ya funguo kwa miguu miwili anapita mbali sana. Baada ya kilomita 50 hadi 100 buloni zikazwe tena, na hiyo ni kazi ya dakika 10.

Lipo suala la kuchomelea, kwa kuwa wengi hawana fedha ya kununua nyingine. Baada ya ajali ile, kijana aliambiwa na mafundi wawili kwamba janti yake itachomelewa na kupakwa rangi, hakuna atakayejua. Ni kweli hakuna atakayejua. Aluminiamu ya janti ilipata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo kiwandani. Moto wa kuchomelea unaifuta nguvu hiyo pembeni mwa mshono, na ufa mpya huanzia hapo. Janti iliyochomelewa iwe kiti cha kukalia garajini. Kuifunga mbele ya gari la abiria na kuipaka rangi ni kuwaficha watu kitu ambacho wangekikataa kama wangeulizwa.

Wazee nao wasikilizwe. Gari linalofanya kazi kila siku kati ya mji na Sake, likijaa watu na magunia, halina haja ya habari hizi zote. Janti ya chuma inapinda, inagongwa kwa nyundo, inarudi kazini jioni ileile. Fundi wa chukudu alijua hivyo zamani: gurudumu la mti, limezungushiwa mpira wa tairi kuukuu, na mzigo unafika. Mwenye taxi asione haya na janti za chuma. Lakini kumwambia kijana mwenye sedani ya mbio aliyoitafuta miaka minne kwamba asiipende, hilo halitafaa kitu. Afadhali aambiwe namna ya kuipenda bila kumwacha mama mjamzito barabarani.

Na springi? Zirudi za kiwandani kwa gari linalokaa Goma, au angalau zisiwe zile zilizokatwa kwa msumeno. Janti nzuri juu ya springi iliyokatwa ni fedha iliyotupwa. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya kutembea. Kibandiko kwenye mlango wa dereva wa gari la Japani huandika kwa kPa, na 220 ni sawa na bari 2.2. Tairi ya ubavu mfupi yenye upepo mdogo haina ulinzi wowote mbele ya jiwe.

Kijana mwenyewe amekwisha kuanza. Juma lililopita alipata kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika seti ya inchi 16 ya kufuliwa, rangi imechubuka, mgongo mweusi kwa vumbi la breki. Alizibeba moja moja hadi soko la Virunga kwa mama muuza maharagi, akaomba mizani. Mama akacheka: "Papa, hizi nazo siku hizi mnauza kwa kilo?" Tatu zilionyesha kilo 6 kila moja, kasoro kidogo. Ya nne ilikuwa na uzito uleule, lakini ilipozungushwa mbele ya ncha ya waya iliyumba kama kidole kimoja. Aliikataa, na muuzaji ameahidi kuitafuta nyingine Kampala.

Kwa sasa Altezza iko juu ya matofali uani, bila gurudumu la mbele kushoto. Misafara miwili ya ndoa imempita. Mama aliyezaa hupita pale akienda kuteka maji, mtoto mgongoni, na kila mara anauliza kama gari limepona.